MAZUNGUMZO YA JUMA: Kuhama na Vyombo Kuvuka Mpaka

Mitaa yetu ya Eastlands, tangu ilipoanza kujengwa, imekuwa mitaa ya watu wa kwenda na kurudi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na kufika ziwani mwaka 1901, na wafanyakazi wake wakapewa nyumba Muthurwa na Makongeni. Katika nyumba hizo walikaa ukuta kwa ukuta watu wa Nyanza, wa Ukambani, wa Uganda na wa Tanganyika. Karani alipopata barua ya uhamisho asubuhi, jioni mkewe alikuwa amekwisha kuhesabu sufuria. Hata jina la Kariokor latokana na kile kikosi cha wapagazi cha Vita Kuu ya Kwanza, yaani watu ambao kazi yao ilikuwa kubeba mizigo. Basi mambo ya mizigo si mageni kwetu.

Juma hili nataka kuzungumza na wasomaji juu ya kuhamisha vyombo vya nyumbani kwenda nchi nyingine. Siku hizi kijana wa Jericho aweza kuajiriwa Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Binti wa Kaloleni aweza kupata kazi ya uuguzi Uingereza. Na mwenye duka wa Shauri Moyo aweza kufungua duka la pili Kampala au Juba. Juu ya kutafuta kazi na vyeti, mashauri ni mengi. Juu ya kitanda, kabati, cherehani na sanduku la nguo, mashauri ni machache. Na hapo ndipo fedha nyingi za watu wetu hupotea, na mara nyingine amani ya nyumba nayo hupotea.

MALI BILA DAFTARI

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya nchi zetu yathibitisha neno hilo.

Zamani mtu aliweza kutoka Nairobi hadi Kampala au Dar es Salaam akitumia shilingi ile ile moja. Mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa fedha yake. Mwaka 1967 mkataba wa Jumuiya ya kwanza ulitiwa sahihi Kampala, na ofisi kubwa zikagawanywa: Reli zikabaki Nairobi, Posta na Simu zikapewa Kampala, Bandari zikapewa Dar es Salaam, na makao makuu yakawa Arusha. Makarani wengi wakafunga mizigo kufuata ofisi zao. Walihama kwa amani, wakiwa na barua ya serikali mkononi.

Lakini si wote waliohama kwa amani. Mwaka 1970 serikali ya Uganda, wakati wa Rais Milton Obote, iliwaamuru maelfu ya wafanyakazi Wakenya waondoke. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuiacha nchi hiyo. Mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na haukufunguliwa tena hata Novemba 1983. Katika siku kama hizo mtu hachukui alichotaka, huchukua kile ambacho mkono waweza kubeba. Serikali zenyewe, zenye wanasheria na wahasibu, zilikawia hata Mei 1984 kutia sahihi mapatano ya kugawana mali ya Jumuiya iliyovunjika. Ikiwa mabehewa na meli, vitu vinavyoonekana na kila mtu, vilichukua miaka kujulikana ni vya nani, je, godoro lako lisiloandikwa popote litatambulikanaje?

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye kuhama ni kununua daftari, kabla hajatafuta lori. Andika kila kitu: nambari ya sanduku, jina la kitu, hesabu yake, mwaka kilioponunuliwa, na thamani yake leo. Kwa redio, televisheni, jokofu na cherehani, andika pia ile nambari iliyopigwa na kiwanda nyuma au chini yake. Kila sanduku na kila gunia lipewe nambari kwa rangi isiyofutika, na nambari hiyo iwe sawa na ile ya daftarini. Kisha orodha inakiliwe mara nne: moja ya ofisa wa forodha, moja ya mwenye lori, moja ya mke au ndugu anayebaki, na moja ikae katika mfuko wa koti lako. Orodha iliyofungiwa ndani ya sanduku haimsaidii mtu yeyote.

Pamoja na orodha hiyo, kuna makaratasi yasiyopanda lori kamwe: pasipoti, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua za shule za watoto, kadi za kliniki, barua ya kazi, na stakabadhi za vitu vya thamani. Hayo yasafiri kwenye mkoba wa mama au wa baba, wala usitoke mkononi. Lori likikwama njiani siku tatu utalala chini, lakini utalala. Makaratasi yakikwama nalo, huenda usivuke kabisa.

KIPI KIENDE, KIPI KIBAKI

Watu wengi hupenda kuhama na kila kitu, kwa kuwa kila kitu kilinunuliwa kwa jasho. Jambo hilo laeleweka, ila lataka hesabu. Tuseme lori la kwenda mjini unakohamia lataka shilingi 80,000, na nusu ya nafasi yake yachukuliwa na kabati, viti vya sebuleni na kitanda kikubwa. Basi kuvisafirisha vitu hivyo vitatu ni shilingi 40,000. Tuseme wanunuzi wa Gikomba watakupa shilingi 25,000 kwa vyote, na vya namna hiyo huko uendako vyapatikana kwa shilingi 50,000. Ukiviuza na kukodi gari dogo la nusu ya bei, umepata 25,000 na kuokoa 40,000, jumla 65,000. Ukitoa 50,000 za kununua vingine, umebakiwa na shilingi 15,000, wala hukuvunja mguu wa kabati njiani.

Lakini angalia vizuri: hesabu hiyo ni ya kweli ikiwa gari dogo lapatikana. Ikiwa lazima ukodi lori zima, hata likienda nusu tupu, basi zile 40,000 hazikuokolewa. Utakuwa umeuza kwa 25,000 ili ununue kwa 50,000. Hapo afadhali uende na kabati lako. Kwa hiyo uliza bei ya gari kwanza, ndipo uuze.

Tena, si kila kitu hupimwa kwa shilingi. Cherehani ya mama, ambayo kwayo alilipa karo ya watoto, haiuzwi na baba wakati mama yuko sokoni. Nimeona nyumba moja katika mitaa hii ikipata uchungu wa miaka kwa ajili ya cherehani iliyouzwa kwa haraka jioni moja, ili kupata nauli. Yule bwana alidhani anapunguza mzigo, kumbe anamnyang'anya mkewe kazi. Waume wenzangu, kabla hamjauza, kaeni chini na wake zenu, msome orodha pamoja kutoka juu hata chini, na kila mmoja aseme neno lake. Na watoto wakubwa waulizwe pia, maana mtoto aliyeachiwa vitabu vyake huhama kwa moyo mwepesi zaidi.

Vitu vizuri vya kufungia mizigo viko karibu nasi. Mafundi wa Kamukunji hutengeneza masanduku ya bati ambayo mvua haiyapenyi na panya hayatafuni. Vyungu na sahani zifungwe kwa nguo na mablanketi, maana nguo zitasafiri vyovyote vile, na hivyo zitafanya kazi mbili. Usitumie mifuko ya plastiki ya sokoni. Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na Rwanda ilitangulia wote mwaka 2008. Ni aibu kuona nguo za familia zikimwagwa mezani mpakani kwa sababu ya mfuko usio na thamani ya senti kumi. Mtungi wa gesi nao usiupakie pamoja na vyombo. Ni hatari kwa dereva na kwa mali.

MKULIMA NA MBEGU ZAKE

Wasomaji wetu wengi wana mguu mmoja mjini na mwingine shambani, na mtu wa shamba ahamapo hutaka kuchukua mbegu: mahindi ya nyumbani, vikonyo vya viazi vitamu, vijiti vya muhogo, pengine mche wa kahawa. Nawasihi msifanye hivyo kwa siri. Ugonjwa wa matunda ya kahawa ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, na baadaye ukaenea katika nchi nyingine za Afrika zilimazo kahawa. Ule ugonjwa wa kuua mahindi ulionekana hapa kwetu mwaka 2011, katika sehemu za Bomet, na baada ya muda mfupi ukaonekana katika nchi za jirani. Muhogo nao una magonjwa yake ya virusi, na husafiri ndani ya kijiti kile kile ambacho mkulima hukikata kwa mapenzi akakifunga kwenye gunia.

Mwenye haja ya kuvusha mimea au mbegu aende kwa maofisa wa KEPHIS, ambao kazi yao ni kukagua afya ya mimea, apate cheti. Tena aulize kwanza kama nchi aendako yairuhusu mbegu hiyo. Mwenye mbwa apate cheti cha daktari wa mifugo na cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Asiyeweza kupata hayo aache mbegu kwa nduguye, naye anunue nyingine huko. Shamba la jirani mpya si mahali pa kuingia na ugonjwa.

MPAKANI

Namanga, Busia, Malaba, Taveta na Isebania, mambo yamebadilika. Zamani msafiri alipanga mstari upande huu, akavuka, akapanga tena upande wa pili. Sasa maofisa wa nchi mbili hukaa katika jengo moja, na msafiri husimama mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Umoja wa Forodha wa nchi zetu ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwezi wa Julai 2010, na Jumuiya yenyewe, iliyokuwa ya nchi tatu, imekuwa ya nchi nane baada ya Somalia kuingia mwaka 2024.

Lakini mtu asidhani kwamba Umoja wa Forodha maana yake ni kwamba haulizwi. Ofisa wa forodha ana swali moja kubwa moyoni: je, vitu hivi ni vyombo vya nyumba iliyotumika, au ni bidhaa za duka? Vitanda vitatu kwa watu sita ni vyombo; vitanda kumi na viwili ni biashara. Sufuria zenye masizi zajieleza zenyewe. Sufuria arobaini katika karatasi za kiwanda zitakuuliza maswali mengi. Jibu kwa upole na kwa ukweli, toa orodha yako, toa barua ya kazi au ya nyumba unakohamia. Ikiwa unaye wakala wa forodha, hakikisha ana leseni, na kila fedha umpayo akupe stakabadhi. Mtu asemaye, "Nipe kitu kidogo, nitakupitisha upande wa nyuma," atakupitisha na kukuacha hukohuko nyuma.

Kwa wale wanaorudi nyumbani kutoka Ghuba, Ulaya au Marekani, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha wafaa kujulikana. Mtu anayehamia kwa kweli kutoka nje ya nchi za Jumuiya aweza kusamehewa ushuru wa nguo na vyombo alivyokuwa akivitumia nyumbani kwake huko alikotoka, na wa gari moja, kama yeye ametimiza miaka 18 na gari amelimiliki na kulitumia huko miezi 12 au zaidi. Vitu hivyo vifike ndani ya siku 90 tangu kuwasili kwake. Muda waweza kuongezwa kwa ruhusa, ila usizidi siku 360. Pombe, tumbaku, majora ya nguo na bidhaa za kuuza havimo katika msamaha huo. Sasa utaona faida ya daftari: mtu atathibitishaje kwamba jokofu lilitumika kwake, kama hana hata stakabadhi moja?

MZIGO WA MWENZIO

Nimefika kwenye jambo gumu kuliko yote. Habari za kuhama zikienea mtaani, jirani huja na vifurushi. "Mwanangu, nifikishie hiki kwa kijana wangu Kampala." Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kwa mwenye kuutoa ni mwepesi sana. Lakini mpakani jina lililoandikwa kwenye hati ni lako, na sahihi ni yako. Likionekana ndani yake lisiloruhusiwa, sheria haitamtafuta mama wa nyumba ya nne. Itakushika wewe, mbele ya mkeo na watoto wako, na vyombo vyako vyote vitazuiliwa pamoja nacho.

Je, tukatae? Kumkatalia mzee moja kwa moja si desturi yetu, wala si vema kuondoka mtaani na kuacha chuki nyuma. Nashauri hivi. Mpokee kwa heshima, umketishe, kisha useme: "Mama, kila kitu ninachobeba nimekiandika. Naomba tukifungue hiki pamoja, nikiandike kwa jina lako, ndipo nikifunge tena." Mwenye nia njema atafungua mwenyewe. Akisema, "Kumbe wanidhania mwizi?" mjibu, "La, mama, hata vijiko vyangu nimevihesabu," umwonyeshe daftari. Akizidi kukataa, basi amekusaidia kujua la kufanya. Shika desturi hii kwa watu wote, hata kwa ndugu yako wa tumbo moja, maana ukiwafungulia wengine na kuwaacha wengine, ndipo watu watakapoona umewavunjia heshima.

NCHI ZA MBALI

Anayehama kwenda ng'ambo hutumia kontena kupitia bandari ya Mombasa. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi, nayo ni nyingi kupita vyombo vya nyumba ya vyumba viwili. Kwa hiyo watu wa mapato yetu huchanga kontena moja, kila mtu akalipa kwa mita za ujazo alizotumia. Pima masanduku yako mwenyewe kabla ya kulipa: urefu mara upana mara kimo. Sanduku la mita moja kila upande ni mita moja ya ujazo.

Kama umefungia vitu katika mbao, mbao hizo sharti ziwe zimetiwa joto au dawa ya kuua wadudu na kupigwa muhuri wa kimataifa. Nchi nyingi hazipokei mbao zisizo na muhuri huo. Na vyombo vya umeme visikudanganye. Umeme wa kwetu ni wa volti 240 hivi, wa Marekani na Kanada ni volti 120. Birika la Nairobi likichomekwa huko litapata robo tu ya nguvu yake, na chai itakuchosha kuingoja. Rwanda, ingawa ni jirani, hutumia plagi za vijiti vya mviringo. Acha birika, chukua picha za wazazi.

KABLA YA KUFUNGA MLANGO

Nyumba nyingi za Eastlands ni za serikali ya jiji au za mashirika, na nyumba hizo zina makaratasi. Lipa kodi yote, pata stakabadhi, rudisha ufunguo ofisini na uandikiwe kwamba umeurudisha. Usimwachie mtu nyumba kwa siri ili akulipe kila mwezi; deni lake litakuwa kwa jina lako, nawe uko mbali. Lipa pia deni la dukani, hata kama ni la mkate na maziwa. Mtu aliyelipa madeni yake akiondoka, siku akirudi kwa msiba au kwa likizo hupokewa kama ndugu.

Siku ya kupakia, vitu vizito vitangulie chini, vyepesi juu, na vile vya usiku wa kwanza viingie mwisho ili vitoke kwanza: blanketi, taa, sufuria moja, unga, chumvi na dawa za mtoto. Mtakapofika, hata kama ni usiku, teremsheni kwa orodha, sanduku moja moja, mmoja akisoma na mwingine akitia alama. Wala usitie sahihi ya dereva kabla hesabu haijatimia. Kesho yake, kabla ya kupanga viti, nenda kawasalimu majirani na mwenyekiti wa mtaa, uwaambie jina lako na watokako watu wako. Kisha mwandikie yule ndugu uliyemwachia nakala ya orodha, umwarifu kilichofika na kilichovunjika, na mahali unapokaa.